Mwezini hakuoti hata jani: tuanze na dalili twende mpaka kwenye chanzo

Mtoto wa dada yangu yuko form two hapa Moshi, juzi usiku mwezi umejaa kabisa, Kibo inaonekana nyeupe mpaka chini, akaniuliza, "Mjomba, si wanasema mwezini kuna barafu? Sasa barafu ipo, jua lipo, kwa nini hakuoti hata jani moja?" Swali la maana sana lile na sikutaka kumjibu juujuu, maana majibu mengi ambayo watu wanatoa ni dalili tu, yani mtu anakwambia hamna hewa, mwingine hamna maji, mwingine baridi, halafu wote wanaishia hapo kama vile ndo wamemaliza.

Mi kazi yangu ni kupandisha wageni mlima Kilimanjaro, na mlimani kitu cha kwanza unachofundishwa ni kwamba dalili na chanzo ni vitu viwili. Mgeni amefika kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, anaumwa kichwa, unampa panado, kichwa kinatulia, anakushukuru sana, baada ya masaa mawili anatembea kama mlevi na ulimi mzito. Kumbe kichwa hakikuwa tatizo, tatizo ni kule juu alipo, na dawa yake ni kumshusha, saa hiyohiyo, hata kama ni saa saba za usiku. Basi mwezi nao tuupime hivyohivyo, dalili moja moja, tuone kila moja inatupeleka wapi.

Kwanza tumuondoe anayesingiziwa: jua

Watu wakikosa jibu wanasema mwezi uko vibaya kwa jua, mara uko mbali, mara uko karibu sana. Hapana jamani. Mwezi unatuzunguka sisi hapahapa kwa umbali wa kama kilomita 384,400, na wote wawili tuko kilomita milioni 150 hivi kutoka kwenye jua, kwaiyo jua linaloanika kahawa kule Marangu ndo hilohilo linalopiga mwezini, tena kule linapiga kali zaidi maana hamna cha kulichuja. Umbali peke yake sio kosa, uweke pembeni. Ila usiutupe, tutauhitaji mbele.

Dalili ya 1: maji hayakai

Hii ndo inayochanganya watu zaidi kwa sababu ya hiyo habari ya barafu, ngoja nikae nayo.

Nenda jikoni kwenye kambi ya Barafu, mita 4,673. Sufuria iko kwenye gesi, maji yanatokota, mvuke umejaa hema zima, unasema leo nitakunywa chai ya moto kweli, ukichota unakuta haina moto kama ya nyumbani. Pale maji yanachemka kwenye nyuzi kama 85, wakati hapa Moshi mjini ni kama 97. Maharage ukiyabandika pale utamaliza mtungi na bado yatakugonga meno, viazi navyo vinabaki na kiini kigumu katikati, ndo maana mpishi mzoefu anachemsha vitu vyake huku chini halafu anapanda navyo. Moto sio mdogo, ni hewa iliyopungua. Maji yanachemka pale nguvu ya mvuke wake inapofikia presha ya hewa inayoyakandamiza kwa juu, na ukifika Uhuru, kileleni kabisa, presha hiyo imebaki karibu nusu ya ile ya Tanga pale usawa wa bahari, kwaiyo maji yanaruka mapema.

Sasa endelea kupanda kwa mawazo, mlima umeisha lakini wewe endelea. Ukifika kama kilomita 19 juu ya bahari maji yanachemka kwenye nyuzi 37, yani joto la mwili wako mwenyewe. Na hii sio hesabu ya kwenye makaratasi tu, mwaka 1966 kule Houston fundi mmoja wa NASA, shirika la anga la Marekani, anaitwa Jim LeBlanc, alikuwa anajaribu nguo ya mwezini ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, bomba la hewa likachomoka, kama sekunde 14 tu akazima. Walivomrudishia hewa akaamka salama, akasema kitu cha mwisho anachokumbuka ni mate yake yakichemka juu ya ulimi.

Mwezini ni zaidi ya hapo, presha yake ni kama hamna kabisa. Mwaga ndoo ya maji juani kule, sehemu itachemka na kuruka, inayobaki itaganda kwa sababu kule kuchemka kunaondoka na joto, halafu hilo barafu nalo jua likilikuta linageuka mvuke moja kwa moja bila hata kupita kwenye maji. Mwisho wa siku ndoo iko tupu na ardhi iko kavu.

Na ile barafu ya kwenye habari? Ipo, ni kweli kabisa. Mwezi umeinama kidogo sana, nyuzi 1.5 tu, kwaiyo karibu na ncha zake kuna kreta, yani mashimo makubwa yaliyochimbwa na vimondo, ambazo chini yake jua halijafika kwa mamilioni na mamilioni ya miaka, baridi yake inashuka chini ya hasi 200. Mwaka 2009 NASA waliliangusha kwa makusudi tanki tupu la roketi ndani ya kreta moja inaitwa Cabeus karibu na ncha ya kusini, vumbi likaruka juu, wakalipima, wakakuta maji. Mwaka 2020 wakatangaza tena wameona maji hata upande unaopigwa na jua, kwenye kreta ya Clavius, lakini sikiliza kiasi chake: ni kama chupa ndogo ya soda iliyotawanyika ndani ya mita moja ya ujazo ya udongo, wenyewe wanasema jangwa la Sahara lina maji mara 100 zaidi ya hapo. Kwaiyo nilimjibu mtoto hivi, barafu ipo ila maji hayapo, na mbegu inakunywa maji.

Andika kwenye daftari: maji hayakai kwa sababu presha hamna, na presha hamna kwa sababu hewa hamna.

Dalili ya 2: mchana unaungua, usiku unaganda

Mchana wa mwezini maeneo ya katikati unafika nyuzi kama 120, usiku unashuka hasi 130 hivi. Na mchana mmoja ni karibu wiki mbili za kwetu, usiku nao hivyohivyo.

Hapa fundi mwenye haraka atasema chanzo ni hiyo siku ndefu, mwezi unajizungusha polepole mno ndo maana upande mmoja unaiva na mwingine unaganda. Inaingia akilini kabisa, mi mwenyewe niliiamini muda mrefu. Lakini jaribu kuilinganisha na Zuhura, sayari ya pili kutoka kwenye jua. Usiku wa Zuhura unachukua karibu miezi miwili ya kwetu, mrefu kuliko wa mwezini, na bado joto la chini kule ni nyuzi 460 na zaidi, mchana na usiku karibu sawasawa. Tofauti ni kwamba Zuhura imefunikwa na hewa nzito ajabu, inayolishika joto na kulizungusha. Kwaiyo siku ndefu inaongeza maumivu tu, ugonjwa ni kukosa blanketi.

Anayepita Saddle, lile jangwa kati ya Kibo na Mawenzi, anakijua kionjo chake. Saa nane mchana shingo inaungua ukisahau kofia, jua likizama tu nyuma ya Kibo hujamaliza hata kufunga zipu ya jaketi vidole havifanyi kazi, asubuhi chupa ya maji uliyoiacha nje ya hema ina barafu mdomoni. Na pale bado una zaidi ya nusu ya hewa yako.

Wachina walituonyesha hii dalili kwa mmea kabisa. Januari 2019 chombo chao cha Chang'e 4 kilitua upande wa mwezi ambao sisi hatuuoni, ndani yake kulikuwa na kopo lililofungwa, lina udongo, maji, hewa, mbegu za pamba na za viazi na vitu vingine. Pamba ikachipua. Kijani kabisa, mmea wa kwanza kuota mwezini. Siku chache mbele usiku wa mwezi ukaingia, kopo halikuwa na kitu cha kulipasha joto, pamba ikafa kwa baridi. Kila nikiikumbuka ile pamba inaniuma, na angalia vizuri ilivokufa: ilikuwa na hewa, maji na udongo vya nyumbani, vyote vimefungwa humo ndani, ikakosa joto tu ikaisha.

Kuna mtu atauliza, si wajifiche mapangoni? Wazo zuri na limeshapimwa. Kuna shimo kubwa kwenye uwanda wa Mare Tranquillitatis, mwaka 2022 watafiti walisema sehemu zake zenye kivuli zinakaa kama nyuzi 17 muda wote. Nyuzi 17 si ndo Arusha mwezi wa saba! Lakini hata mle presha ni sifuri, kwaiyo umetibu baridi na bado mate yanachemka.

Dalili ya 3: udongo haulishi

Sisi Wachagga udongo tunaujua kwa mkono. Ukishika udongo wa kihamba, shamba letu la nyumbani, ni mweusi, una mafuta fulani hivi, una minyoo, una harufu, na huo udongo chanzo chake ni mawe na majivu ya volkano, halafu mvua ya miaka na miaka, majani ya migomba, samadi ya ng'ombe wa bibi, mifongo inayopitisha maji. Mwezini kuna mawe ya volkano pia, tena mengi, yale madoa meusi unayoyaona kwa macho ni lava iliyoganda. Ila hamna mvua iliyowahi kuyalainisha, hamna mnyoo, naitrojeni karibu hamna, ni mawe yaliyopondwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka mpaka yakawa unga. Na unga wenyewe una ncha kama vioo vilivyosagwa, maana hamna upepo wala maji ya kuzisugua. Mwaka 1972 Harrison Schmitt wa Apollo 17, moja ya safari za Wamarekani kwenda mwezini, alirudi ndani ya chombo, lile vumbi la kwenye nguo likamfanya pua ivimbe na kuziba kama mtu mwenye mafua ya mzio wa maua.

Sasa je, udongo ndo unaoua? Lilijaribiwa. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Florida walitangaza kwamba wamepanda mbegu kwenye udongo halisi wa mwezi ulioletwa na Apollo 11, 12 na 17, gramu moja moja tu kwenye vikopo, na pembeni wakaweka mimea ya kulinganisha kwenye majivu ya volkano ya hapahapa duniani. Mbegu zote zikaota. Baadae ile ya kwenye udongo wa mwezi ikadumaa, mizizi ikawa mifupi, mingine majani yakageuka rangi ya damu ya mzee, ile ya kwenye majivu ya dunia ikaendelea vizuri. Mi hapa nasoma hivi: udongo mbaya unadumaza, hauui. Waliupa hewa, maji, mbolea na taa, na ukaotesha kitu. Kwaiyo udongo nao ni dalili, umekuwa hivyo kwa sababu haukupata maji na hewa ya kuutengeneza.

Dalili ya 4: mionzi

Hii fupi. Duniani tuna ngao mbili, sumaku ya dunia inayokengeusha chembe za jua, na hewa yenyewe, ambayo juu ya kila mita moja ya mraba pale usawa wa bahari ina uzito wa kama tani 10. Mwezi hauna sumaku ya kuufunika wote, hewa ndo hivyo tena. Agosti 1972 jua lilitoa dhoruba kubwa sana, Apollo 16 walikuwa wamesharudi tangu Aprili na Apollo 17 walikuwa hawajaondoka mpaka Desemba. Wangekuwa kule nje siku zile wangeumia vibaya.

Sasa chanzo: hewa imekwenda wapi?

Dalili zote zimerudi mlango mmoja, ila na hapo tusisimame, maana "hamna hewa" bado ni dalili.

Ili gesi itoroke duniani inatakiwa ikimbie kilomita 11.2 kwa sekunde, mwezini inahitaji 2.4 tu, kwa sababu mwezi ni mdogo na uvutano wake ni moja ya sita ya wa kwetu. Gesi haijakaa tuli, kila chembe inakimbia na kugongana na wenzake, na kwenye kila kundi kuna wachache wenye mbio kupita wote. Duniani hao wenye mbio karibu wote wanarudishwa. Mwezini mlango uko chini, wanatoka, waliobaki wanagongana tena, wengine wanapata mbio, wanatoka, hivyohivyo miaka nenda rudi, na gesi nzito zinazobaki nyuma zinakuja kuchotwa na upepo wa jua, yani chembe zinazotoka kwenye jua kwa kasi, kwa sababu hamna ngao ya sumaku. Wataalamu wanaona kwamba miaka zaidi ya bilioni 3 iliyopita volkano za mwezini zilitoa gesi nyingi na huenda mwezi ulikuwa na hewa nyepesi kwa muda, halafu ikavuja yote. Na ulianza vibaya pia, maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwezi ulitokana na mgongano mkubwa wa dunia na kitu kikubwa kama miaka bilioni 4.5 iliyopita, vipande vikiwa vimeyeyuka kwa moto, kwaiyo maji na gesi nyingi ziliungua na kutoka siku ya kwanza.

Hapo nilitaka kumwambia mtoto basi, chanzo ni udogo. Nikajizuia kwa sababu ya Titan. Titan ni mwezi wa sayari ya Zohali, uvutano wake ni mdogo hata kuliko wa huu mwezi wetu, na bado ina hewa nzito kuliko hii tunayovuta sisi, presha yake ni kama mara moja na nusu ya dunia. Udogo upo na hewa ipo! Inawezekanaje? Kule ni mbali na jua, baridi hasi 179, gesi imepoa, haina mbio za kutoroka.

Kwaiyo chanzo sio kimoja, ni viwili vikikutana: mdogo, halafu karibu na jua. Ndo maana nilisema ule umbali tusiutupe. Dunia iko palepale ila ni kubwa, inashika. Titan ni ndogo ila imeganda, nayo inashika. Mwezi wetu ni mdogo na unapigwa na jua la kahawa. Mlimani tunaliona hili kila wiki, urefu peke yake hauangushi mtu, kule La Rinconada nchini Peru watu wanaishi mita 5,100 na wanazaa watoto, na haraka peke yake haiangushi mtu hapa chini. Urefu na haraka vikikutana ndo unabeba mgeni mgongoni.

Kipi kinarekebishika

Udongo unarekebishika, unauongezea mbolea. Mionzi unaipunguza kwa kujifukia chini ya mita kadhaa za udongo. Baridi, kuna pango la nyuzi 17. Maji yapo kwa kuchimba barafu. Hewa ya mwezi mzima hapana, utaleta itavuja, na udogo wake na jua lake huna pa kuvishusha kama ninavyomshusha mgeni. Kinachowezekana ni kopo kama lile la pamba, ila kubwa, limefungwa vizuri, lina presha na joto lake mpaka usiku wa wiki mbili upite.

Mtoto akaniuliza presha inaonekanaje kwa macho. Safari iliyofuata nilimaliza maji pale Uhuru, nikaifunga chupa ya plastiki kwa nguvu ikiwa tupu, nikaitia kwenye begi sikuigusa tena. Kufika geti la Mweka huku chini imebonyea pande zote mbili kama imekaliwa na mtu, na hakuna aliyeikalia. Ameiweka juu ya kabati, amenikataza nisiifungue.